Ukucha wa Fundi

Fundi wa gereji iliyo mbele ya kibanda changu cha chai, hapa Arua, haamini injini mpaka ukucha wake useme. Kucha zote hukata, isipokuwa wa gumba la kulia. Huo huusugua kwa majivu, akaupitisha taratibu ndani ya silinda huku amefumba macho. Ukinasa kwenye mkwaruzo, huguna mara moja.

Juzi aliguna mara nne. Lilikuwa gari kubwa la viti vya ngozi, ambalo Haji Sule wa Koboko alilinunua kwa mtu Kampala, likaanza kutoa moshi kabla ya wiki kuisha. Kulitengeneza kungemaliza ng'ombe wake.

"Fundi, funga tu," Haji akasema. "Weka oili nzito, moshi itapotea. Iko mwalimu ya kule Adumi anataka kununua."

Mwalimu huyo hunywa chai kwangu bila sukari, miaka mitatu sasa, akidunduliza pesa za gari. Nilitamani kummwagia Haji birika zima. Fundi hakubishana. Alivuta karai la oili aliyoimwaga toka injini ile asubuhi, akashika kidole cha Haji, akakichovya. Oili ikavutika kama bamia.

"Hii si mimi niliweka," alisema, kwa sauti ileile anayoombea spana. "Mutu ya Kampala aliweka, akatafuta mwalimu yake. Ikakuwa wewe."

Haji akageuka huku na huku akitafuta pa kufutia kidole. Fundi alikuwa na kitambaa begani. Hakumpa.