Kwa Nini Mama Mkwe Hakunywa Maji

Niliolewa miaka michache baada ya mapinduzi, nikahamia kwa mama mkwe wangu Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Ngazi zilikuwa za wima, na choo kilikuwa chini kabisa, uani. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Mamake, mjane, alinipokea vizuri, ila tulikuwa tunaoneana haya kama ilivyo kwa mkwe na mkwe. Sijatimiza hata mwaka ndani ya nyumba ile, akapata kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea, mdomo ukaenda kombo. Alilazwa hospitali, na alipopata nafuu tukaambiwa tumrudishe nyumbani tumuuguze wenyewe.

Kazi ile ikanishukia mimi. Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri, na wifi zangu walikuwa wameolewa shamba. Nilijua kupika na kushona, lakini mgonjwa sikuwahi kumshika. Alhamdulillahi alikuwapo nesi aliyekuwa akipita majumbani kuwatazama wagonjwa waliorudishwa. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Bububu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Akiingia alinawa mikono kwanza, kisha ndiyo akakaa.

Alituletea chombo cha kujisaidia kitandani, akanionyesha jinsi ya kukiweka. Mimi nilikiweka chini ya kitanda, na kila asubuhi nikamuuliza mama kama anakihitaji. Kila nikiuliza alijibu kwamba bado. Nikaona ndiyo hivyo.

Asubuhi moja nikampelekea chai, asinitambue. Aliniita kwa jina la dadake aliyekufa zamani, akaniuliza mbona gari moshi la Bububu haliondoki na watu wamekaa wanangoja. Gari lile liliacha kwenda yeye akiwa msichana. Shangazi ya mume wangu, aliyekuja kumjulia hali, alisema ama kiharusi kimerudi, ama anahitaji kombe, aandikiwe aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe anyweshwe. Akavaa buibui amfuate mwalimu wa kuliandika.

Mlangoni akakutana na nesi, akamweleza anakokwenda. Nesi hakumbeza hata kidogo. Alimwambia kombe ni jambo la heri, ila kabla mgonjwa hajanyweshwa chochote yeye angependa kujua kama anameza sawasawa. Shangazi akakaa.

Nesi alimwamkia mama, akamshika mkono, akahesabu mapigo ya mshipa kimya kimya. Alimwambia acheke, akautazama mdomo. Alimwambia amkamate vidole kwa mkono mzima, kisha kwa ule mbovu. Aliona hapajazidi kitu kuliko siku alipomwacha. Akampima joto, akamgusa tumbo chini ya kitovu, akatazama ulimi, ambao ulikuwa mkavu kama kitambaa kilichoanikwa. Mwisho alifinya ngozi ya kifuani akaiachia, nayo ikabaki imesimama.

"Amekunywa nini tangu jana?" aliniuliza.

Nilimwambia nimempelekea maji, chai na uji mwepesi, na vyombo vyote vimerudi vitupu.

"Umempelekea, nimesikia. Umemwona akinywa?"

Nikakiri kwamba sikumwona. Nilikuwa nikiweka kikombe karibu na mkono wake mzima na kutoka, nikiona ndiyo adabu. Nesi alisimama akaenda dirishani, palipokuwa na kopo la mrehani, karibu na kitanda kiasi cha mgonjwa kulifikia kwa mkono. Akatia kidole kwenye udongo. Ilikuwa kaskazi, jua kali, na mimi sijaumwagilia siku nyingi, lakini udongo ulikuwa tope. Mama alikuwa akimwaga humo kila nilichompelekea, na nesi alisema kukaukiwa maji ndiko kulikomvuruga akili.

Akanifundisha pale pale. Tulimkalisha mama wima kwa mito, kidevu kikainama kidogo. Nesi alimpa maji kijiko kimoja, akangoja, akasikiliza kama atakohoa au sauti itakwama, ndipo akampa cha pili. Akamtuma shangazi kutafuta dafu. Alisema hatampeleka hospitali saa ile ile, lakini akishindwa kumeza, akipata homa, au akifika alasiri hajapata mkojo, hatangoja zaidi. Aliondoka kwenda kwa wagonjwa wengine, na alasiri akarudi kama alivyosema. Mama alikuwa ameshapata mkojo, kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Nesi alifurahi kama aliyeletewa zawadi.

Kesho yake mama alinijua. Nesi alituomba tutoke, akazungumza naye peke yake, kisha kwa ridhaa yake akanieleza. Mama alikuwa hanywi makusudi, ili asihitaji choo. Alimwambia hivi: "Mtoto wa watu yule. Mamake hakunipa ili anishike uchi wangu."

Nililia, na nesi aliniacha nilie. Halafu akaniambia nichemshe maji, kwani leo tutamkogesha.

Alitandika kanga mbili juu ya mama, na tangu mwanzo mpaka mwisho hakumfunua zaidi ya kiungo alichokuwa akikiosha. Mkono ulioshwa, ukakaushwa, ukafunikwa, ndipo mguu ukatolewa. Alipofika pa siri alimpa mama kitambaa katika mkono wake mzima, akamwacha ajioshe mwenyewe chini ya kanga, sisi tumegeuza nyuso. Alinifundisha kumgeuza ubavu kwa ubavu, kutazama visigino na mgongo kama pamekuwa pekundu, na kumwambia kila ninalotaka kufanya kabla sijamgusa. Na chombo kile, alisema, nisimuulize kama anakihitaji. Nikilete kila baada ya kunywa, nivute pazia, nitoke, ningoje aniite.

Siku mbili tatu mama hakuniita, nikawa naingia mwenyewe kukitoa chombo. Siku iliyofuata nikasikia, "Mwanangu."

"Naam, mama."

"Nshamaliza. Njoo."

Nadhani ndiyo siku niliyoolewa hasa katika nyumba ile.

Mama alipata kusimama, akawa anatembea kwa kushika ukuta, na tuliishi naye miaka mingi. Watoto wangu wawili aliwalea kwa mkono mmoja. Mimi sikupata kusomea unesi, lakini nimeuguza wengi wa ukoo wetu, na hakuna niliyempelekea maji nikamwacha nayo bila kukaa naye. Yule nesi alihamishiwa Pemba. Siku aliyokuja kutuaga mama alimshika mkono, akamwombea dua ndefu, na nesi akaitikia amin kila aliposita, mpaka mwisho.