Chakula Kinachoelea

Wifi yangu alipika maharage ya shule ya bweni tangu akiwa msichana mpaka siku aliyostaafu na kupewa saa ya ukutani isiyotembea. Wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa sababu upawa haukumtoka mkononi. Hata akikusalimia unahisi anakupimia. Kaka yangu alipofariki, wifi akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma ya nyumba, palipokuwa na banda la kuku lililobomoka, akachimbisha bwawa la samaki. Nilimwambia amerukwa na akili. Hiyo ndiyo kazi ya wifi, na mimi sijawahi kuifanya kwa uvivu.

Kitinda mimba wake, fundi wa majokofu anayeishi mji wa mbali, hakutaka kabisa mama yake akae peke yake. Alikuja bwawa likiwa bado jipya, akalizunguka mikono mfukoni, akatingisha kichwa.

"Mama, tusigombane," akasema. "Nikija likizo, tuvue. Nikikuta samaki wamefika ukubwa wa kiganja changu, sitakusumbua tena, kaa hapa hapa. Wasipofika, tunafunga nyumba na unahamia kwangu. Shangazi ni shahidi."

Shangazi ni mimi. Wifi akatazama kile kiganja, na mwanawe ana mikono kama makasia, kisha akakubali bila kupepesa macho. Nyumba ile alijenga na kaka yangu, chumba baada ya chumba, na kuiacha ilikuwa kama kumng'oa jino zima. Tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine mdomoni ila samaki.

Vifaranga vya perege vikaletwa kwenye mifuko ya plastiki, vikamwagwa majini, vikapotea. Afisa wa samaki akapita na pikipiki yake, akatoa maelezo bila kuvua kofia ya chuma: chagua chakula kipya, kisicho na harufu ya ukungu, chenye protini ya kutosha, punje ziingie mdomoni mwa samaki, na bei iwe ile utakayoimudu mpaka siku ya kuvua, si ya kuanzia halafu unaishia njiani.

"Sasa hiyo protini nitaionaje kwa macho?" wifi akamuuliza.

"Utazoea tu, mama," akajibu, akawasha pikipiki. Tukabaki tumesimama pale na moshi wake.

Basi tukaenda dukani, lile la pembejeo karibu na kituo cha mafuta. Muuzaji, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akatuonyesha magunia. Hiki kina protini hivi, kile hivi, hiki cha vifaranga, kile cha wakubwa, hiki kimetoka kiwandani, kile kinasagwa hapa nyuma kwa pumba, mashudu na dagaa. Alipomaliza, mimi kichwa kilikuwa kinazunguka. Wifi naye alikuwa ametulia kama mtu aliyeketi jikoni kwake.

"Niletee beseni la maji," akasema.

Kijana akaleta. Wifi akachota konzi ya kile cha bei juu, akakimwaga. Kikaelea chote, punje zikazunguka juu ya maji. Akachota kile cha kusagwa hapo nyuma. Kikazama moja kwa moja hadi chini. Akanigeukia, uso umekunjuka kabisa, maana hapo alikuwa kwenye fani yake. Mpishi wa maharage humwaga maharage majini kabla ya kuyapika, na yanayoelea huyaondoa, kwa sababu yameliwa na wadudu na ndani yamebaki ganda na hewa. Yai likielea, huliongezi kwenye karai. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kila asubuhi ya maisha yake ya kazi.

"Hiki kibovu," akamwambia kijana, akionyesha kile cha bei juu. "Tena unakiuza ghali. Huoni haya?"

"Mama, hicho ndicho kinatakiwa kielee."

"Nani anakitaka kielee? Mimi nanunua chakula, sinunui maboya."

Kijana akajaribu kueleza, akavua miwani, akaivaa tena. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa wifi. Maneno yake yalikuwa na akili, na chakula alichokichagua kilikuwa cha bei nafuu, na kupata kitu kizuri kwa bei nafuu ni raha ambayo haitaki maswali. Tukaondoka na gunia la kinachozama. Njia nzima alinisimulia jinsi wafanyabiashara wa siku hizi walivyo wajanja.

Alilisha kama alivyokuwa akipakua shuleni: asubuhi, debe zima, kona moja, mara moja kwa siku, kila mtu apate halafu tuoshe vyombo. Chakula kilizama, na wifi akasimama pembeni kusubiri. Hakuona samaki. Siku nyingine hivyo hivyo. Hakuona hata mkia. Akadhani chakula hakiwapendezi, akabadilisha, akajaribu pumba tupu. Jirani mfuga kuku akamwambia chakula cha kuku hakishindwi na kitu, wifi akamwaga chakula cha kuku. Mtu mwingine sokoni akamwambia samaki wanapenda ugali. Akapika ugali, akaukata vipande vizuri kabisa, akautupia majini. Maji yakaanza kuwa mazito, ya kijani iliyokolea, na harufu yake ikawa inaingia mpaka chumbani.

"Wifi," akaniuliza siku moja, "hivi wamo kweli?"

"Wako wapi kama hawamo? Wamepanda basi?"

Hakucheka. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, miguu imetopea udongo, akitazama maji kama anatazama redio iliyozimika. Hapo nilimwonea huruma, na huruma kwake huwa inanikera. Mwanamke huyu alijua kiasi cha chumvi kwa harufu tu. Leo alikuwa hajui ashike lipi aache lipi, na kila ushauri aliopata ulimwondolea kidogo cha kile alichokuwa anakijua. Nikamuuliza kwa nini asirudi kwa yule kijana wa duka.

"Yule aliyeniuzia maboya?"

"Hukununua maboya. Ulikataa."

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, na mimi mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini.

Likizo ilipokaribia nikashindwa kuvumilia. Nikaenda dukani peke yangu, nimenuna, nikamwambia yule kijana anieleze taratibu kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Akasema punje zile hupikwa kwa mvuke, zinavimba, ndiyo maana zinaelea, wala si ubovu. Faida yake ni kwamba unawaona samaki wanapokula, na wakiacha kula nawe unaacha kumwaga. Kinachozama nacho ni chakula, akasema, hakina kosa, lakini kinataka mkono wa kumwaga kidogo kidogo na jicho la kufuatilia. Ukikimwaga debe zima kona moja, kinaoza chini, kinachafua maji, na samaki kwenye maji machafu hawakui hata ukiwawekea karamu. Nikamuuliza basi kipi ni bora, akasema inategemea. Nikatamani kumpiga. Nikanunua mfuko mdogo wa kinachoelea nikarudi nao nikiwa na uhakika nusu na hasira nzima.

Nilimkuta kitinda mimba amekwisha kufika. Alikuwa amekodi pikapu, imeegeshwa mlangoni kinyumenyume, na kamba ya kufungia kitanda iko begani mwake. Alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa kubadilisha mawazo. Wifi alikuwa bwawani, hajavaa hata viatu.

Nikachana mfuko, nikampa wifi. Akatazama zile punje, akanitazama mimi, kisha akatupa konzi moja majini.

Punje zikaelea. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu maji yakatikisika mahali pamoja, kisha mahali pengine, na midomo midogo ikaanza kufunguka juu ya maji, mingi, mingi kuliko tulivyodhani, ikigombania, ikirukiana. Walikuwemo. Siku zote walikuwemo. Na walikuwa wadogo kama vidole, wembamba, vichwa vikubwa kuliko miili.

Mwanawe akachuchumaa, akafungua kiganja chake juu ya maji, akakifunga. Hakufurahi, hilo niliseme kwa haki. "Mama," akasema polepole, "tulipatana."

"Tulipatana."

"Basi tuingie tufungashe."

"Siendi."

Akanigeukia mimi. "Shangazi, wewe si shahidi? Si ameshindwa?"

"Ameshindwa kabisa," nikasema, kwa sababu ndio ulikuwa ukweli.

"Ndiyo maana siendi," wifi akasema. Alikuwa anatupa konzi ya pili, ndogo, akisubiri wamalize kwanza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. "Nimepakulia watoto wa watu maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyelala njaa mikononi mwangu. Hawa wamelala njaa kwangu tangu siku walipofika, na mimi nimeketi hapo juu nawatazama. Ningekuwa nimewashibisha, mwanangu, ningeweza hata kuondoka."

Mwanawe akanitazama, lakini hata mimi sikujua kama wifi yangu ameshinda au ameshindwa. Akasimama pale ukingoni na kamba yake, hajui aifunge wapi, huku mama yake akichota konzi nyingine na kusubiri wafunge midomo.