Mvua Ambayo Haikunyesha

Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba siku ile mvua ilinyesha, na kwamba mimi ndiye niliyemponza baba.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, kwenye shamba la kahawa la mzungu karibu na Ruiru. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa anatafutwa kwa sababu ya kula kiapo cha wapigania uhuru, kwa hiyo alitembea na kipande, yaani kitambulisho, cha mtu mwingine, kapera wa shamba la mkonge huko Thika ambaye alikuwa amekufa. Asubuhi ya siku ile homgadi, askari Waafrika wa serikali ya kikoloni, walitukusanya uwanjani, wanaume huku, wanawake na watoto kule. Mama alininong'oneza, "Leo huna baba. Ukimwita, watamchukua."

Nakumbuka matope. Nakumbuka nikiita, "Baba!" Wakampandisha kwenye lori, na hakurudi tena. Sikulia. Nilirudi kuchuma kahawa, nikakua, nikaolewa, nikazaa, na katika hayo yote sikuhisi kitu. Watu walisema nina moyo mgumu. Waache waseme.

Mama alipokuwa mzee nilimwambia hatimaye yote hayo, tukichambua maharagwe nyumbani kwake Thika. Nilisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Mama akasimamisha mikono. "Mvua gani? Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye meza za kukaushia, jua linawaka. Na wewe hukuita mtu. Ulikuwa unalia tu."

"Basi ni nani aliyeita?"

"Ni yeye, baba yako. Alikuambia, 'Nyamaza, maitu.'"

Maitu ni mama kwa Kikuyu. Mimi nimepewa jina la mama yake baba, na kwetu baba humwita binti wa namna hiyo mama. Hakufikiri, alikuwa amezoea. Homgadi aliyesimama karibu alikuwa Mkikuyu kama sisi. Akauliza ni kapera gani huyu mwenye mtoto wa kumwita hivyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilimkasirikia, kisha hata hasira ikaisha. Nilidhani ningefurahi kuutua mzigo ule. Maharagwe yaliiva, tukala.

Tangu siku hiyo najaribu kumsikia baba akiniita. Nafumba macho, nasimama uwanjani. Mvua inanyesha, na sauti ninayoisikia ni yangu.