Marehemu Hakuwahi Kugombana na Mtu

Jamani, hili jambo nimelibana kifuani muda mrefu nikidhani litasahaulika lenyewe, lakini kila nikifika soko la Nyandira namkuta mama mmoja anauza njegere huku amevaa koti langu la suti, koti nililoliandaa kwa harusi ambayo hata haijapangwa, na wenzake wakiniona tu wanaitikiana kwa sauti, "Mpole! Mcheshi! Mpenda watu!" Basi nimeona bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaja kulisikia huko nje likiwa limetiwa chumvi na pilipili juu.

Mwenzenu nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro. Ulipofika wakati wa kuchagua njia ya utafiti, wenzangu wasio na akili wakaenda Dakawa kusimama kwenye matope ya mpunga wakiwahoji wakulima, mimi mwenye akili nikachagua uchambuzi wa maudhui. Kwa msioijua kazi hiyo, ni hivi: unakusanya maneno ya watu, unayagawa kwenye makundi, unaangalia kundi gani limejirudia zaidi, halafu unatangaza kwamba umeielewa jamii. Humsumbui mtu, na hakuna mtu wa kukusumbua. Mimi nikachukua wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kanisani kabla ya kwenda kuzika, nikawa nazunguka misibani na simu yangu, narekodi, narudi chumbani, nachambua. Nikagundua jambo zito ambalo bibi yangu angeniambia bure: marehemu wote ni wapole, wacheshi, wapenda watu, washauri wa vijana, na wote wameacha pengo lisilozibika. (Wabishi na walevi wa mkoa huu sijui wanazikwa wapi.)

Na nilikuwa na utaratibu wangu wa kisayansi. Watani wakianza vituko vyao, maana mnajua misiba yetu, mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa anatembea au akalala njiani jeneza lisipite, mimi nilikuwa nazima simu. Kwenye tasnifu niliwaweka kwenye kundi la "kelele zisizohusiana na mada", na msimamizi wangu akapigia mstari akaandika "vizuri". Hilo mlishike.

Sasa nina mchumba, Veneranda, Mluguru wa kule juu Mgeta, na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho juu ya posa ni mjomba. Mjomba mwenyewe ni Kleofasi, mkulima wa kabichi, mtu wa maneno machache, na barua yangu ya posa ilikuwa imelala kwake tangu masika bila jibu, hata la kikohozi. Veneranda alikuwa ameanza kukonda na mimi nilikuwa siko mbali. Basi mzee mkubwa wa ukoo wao, Babu Domisiani, alipofariki hospitali mjini, nikajisemea (Mungu anisamehe) kwamba nafasi ndiyo hii, nikapande mlimani, nibebe mabenchi, nichote maji, ukoo wote unione.

Wakaniona kweli.

Asubuhi ya mazishi ikaja habari kwamba mpwa wa marehemu, mwalimu, ambaye ndiye huandika wasifu kwenye ukoo ule, amekwama Dumila, basi limeharibika. Mjomba Kleofasi akanifuata nilikokuwa natoa jasho na mabenchi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Veneranda anasema unasomea wasifu wa marehemu."

"Ndiyo mjomba, yaani ni utafiti wa..."

"Basi andika wa mzee. Bibi yuko ndani, kamuulize."

Bibi Tekla, mke wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani katikati ya akina mama, macho makavu, hajatoa chozi tangu taarifa ifike, na watu walikuwa wanasema hilo kwa wasiwasi. Kuingia mle kulitaka kuvua viatu, kupiga magoti, kusalimia chumba kizima mmoja mmoja. Veneranda akanisukuma. "Nenda ukamuulize, babu yangu hakuwa mtu wa kawaida."

Nikamjibu, "Vene, mimi nina data." (Haya maneno mtaniandikia kaburini.)

Mwaka wa kuzaliwa na majina ya watoto nikapewa na binamu mmoja pale nje, yaliyobaki nikayatoa kwenye jedwali langu, yaliyojirudia zaidi yakatangulia. Nikamaliza kabla chai haijapoa, nikavaa koti, nikajiona profesa.

Laiti ningemuuliza mtu mmoja tu, hata yule aliyekuwa anamenya vitunguu, angeniambia kwamba Babu Domisiani aligombana na bonde zima. Alimpeleka jirani baraza la kata kwa sababu ya mbuzi ambaye hakula kabichi yake, aliitazama tu. Kwaya ilipofanya mazoezi karibu na uzio wake aliitimua na jembe, akidai wanaimba vibaya na wanamtilia mazao ukungu. Watu walikuwa wanapita kwake jioni makusudi, wakagombezwe kidogo, ndipo wakalale. Mimi sikuyajua hayo, mimi nilikuwa na data.

Jeneza likafika kutoka mochwari ya mjini likiwa limechelewa kwa utelezi wa barabara, likaingizwa moja kwa moja kanisani bila kufunguliwa. Padri alikuwa na misa nyingine bondeni, hivyo ikakubaliwa kwamba wasifu usomwe kwanza, heshima za mwisho zifuate. Nikasimama mbele, simu ikirekodi kama kawaida yangu, nikakohoa kisomi, nikaanza.

"Marehemu alikuwa mtu mpole."

Watu wakatazamana.

"Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mlezi wa kwaya yetu."

Huko kwenye kwaya mtu akapaliwa. Mimi nikadhani ni majonzi, nikaongeza sauti. "Katika maisha yake yote, marehemu hakuwahi kugombana na mtu."

Bibi Tekla akainuka taratibu akaliangalia jeneza.

"Mmemleta nani?" akauliza. "Huyu si mume wangu. Mochwari wamewabadilishia."

Ndugu zangu, mimi nilidhani huwa natoka jasho. Siku ile nilijua jasho ni nini. Wazee wakasimama, mmoja akasema kweli mjini maiti huwa zinachanganywa, mwingine akamuuliza dereva alisaini wapi, wanawake wakaanza kupiga kelele upya kwamba mzee kaachwa peke yake mjini na watu wageni, padri akatazama saa. Na mimi bado nimesimama pale na simu yangu mkononi. Ikabidi jeneza lifunguliwe mbele ya altare. Walipomwona Babu Domisiani amelala vilevile na ndita zake, fundo limekaa katikati ya nyusi, kanisa zima likashusha pumzi, kisha kanisa zima likageuka kuniangalia mimi.

Hapo ndipo akaja Mama Skola, mtani wa ukoo, mwanamke mwenye sauti ya kipaza. Akalala chali kwenye njia ya katikati. "Hatumziki mpole sisi! Mpole hatumjui! Mrudishieni mzee wetu ugomvi wake ndipo apite!"

Sasa mtu mwenye busara angecheka, akatoa chochote, yakaisha. Hata kwetu Singida watani tunao, sina kisingizio. Mimi kwa aibu niliyokuwa nayo nikampandishia: "Mama, heshimu msiba! Kama umelewa toka nje!"

Kumkasirikia mtani, na msibani! Nikasikia Veneranda anasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Mama Skola akanyanyuka, akanivua koti (nilinyanyua mikono mwenyewe, kama mtoto anayeogeshwa), akalivaa, akatangaza kwamba hiyo ndiyo faini yangu, akasimama pale nilipokuwa nimesimama. Kwanza akaniigiza mimi, kikohozi na vyote, "Mpole! Mcheshi! Mpenda watu!", watu wakajikaza wakashindwa. Halafu akakunja mgongo, akaweka fundo kwenye nyusi, akashika jembe lisilokuwepo, akamgeukia Bibi Tekla.

"Tekla! Chumvi hii umepima kwa koleo? Unataka nife kabla yako ulale kitandani peke yako?"

Bibi Tekla akacheka. Akacheka mpaka akashika benchi, na kicheko kikageuka hapohapo kuwa kilio, cha kwanza tangu taarifa ifike. "Ndiye," akawa anasema, "ndiye huyo, mleteni nimzike." Akina mama wakamshika, wakamsogeza kwenye jeneza, akaagana naye.

Mimi niliangalia simu yangu. Kwa mazoea ya kisayansi nilikuwa nimeshaizima Mama Skola alipolala chini. Nilijisikia mjinga, na siyo kwa mzaha.

Baada ya kuzika Mjomba Kleofasi akaniita pembeni ya shamba, akatoa barua yangu ya posa mfukoni, akaikunjua.

"Nimeirudia kuisoma," akasema. "Umeandika kwamba wewe ni mpole, mcheshi, mcha Mungu, mpenda watu."

"Ndiyo, mjomba."

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, wewe ulikufa lini?"

Akanirudishia barua yangu.

Nimeapa, na nyie ni mashahidi, sitaandika tena habari za mtu kabla sijavua viatu nikamuuliza mkewe waligombania nini. Tasnifu naianza upya, nazunguka kuwaomba watani wanisimulie yale niliyoyazimia simu, na wananicheka kwanza ndipo wanasimulia. Barua ya posa nayo nimeandika nyingine, fupi: kwamba nina haraka, nina hasira za karibu, najifanya najua, na nampenda mtoto wenu mpaka nasahau kula. Veneranda alipoisoma akasema nimesahau kukoroma (msiniulize amejuaje), nikaongeza.

Jibu limekuja juzi na gari la kabichi. Mjomba kamwambia dereva, "Mwambie huyo sasa ni mtu. Aje tugombane."