Kitambaa Juu ya Laptopu

Siku mbili nzima tulilaumu mtandao. Mdogo wangu anasomea ualimu wa chekechea, na alitakiwa kutuma chuoni video yake akifundisha watoto. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa Alhamisi, saa ya isha. Isipofika, hafanyi mtihani, anarudia muhula mzima. Video yenyewe ilikuwa nzito, na mtandao wa kwetu Timbwani hujikokota kama mgonjwa anayepanda ngazi. Tulikuwa tukiianzisha asubuhi, kila mtu anashika kazi yake, tukirudi tunakuta imekatika na inataka kuanza upya.

Alhamisi hiyo mchana nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jikoni nachambua mbaazi. Adhana ya adhuhuri ikalia. Shangazi akatoka chumbani kwake, akapita ukumbini, akaishusha laptopu kifuniko kama mtu anayefunika sufuria ya maziwa. Nikaganda na ungo mapajani.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Hujasikia adhana? Redio tunazima, tivii tunazima. Hii nayo ni ya mfalme gani?"

"Kwani ndiwe unayeifunga kila siku?"

"Kila siku, na kila adhana, ikiisha naifungua. Nawashikia adabu, maana nyinyi hamna."

Adhana naiheshimu, na sikulelewa na wazazi wasioiheshimu. Kilichonichoma ni hilo neno adabu, na mdomo uliolitamka. Huyu ni dada yake baba. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa kidato cha pili. Nikavua sare, nikaanza kukaanga mahamri, na mdogo wangu akaendelea kwenda shule. Shangazi alikuja arobaini ya mama. Akakusanya vikombe vya mama vya ukingo wa dhahabu na vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, akasema, "Nawawekea amana, nyinyi bado watoto." Akarudi kwake Kiembeni navyo. Hatukuona tena hata kibaba cha unga kutoka kwake, mpaka mwaka jana, tulipokwisha kuezeka bati jipya na mtoto kuingia chuo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana wana wa kaka yake, akaja na mabegi yake kukaa.

Niliiendea laptopu.

Fundi wa Changamwe aliyetuuzia, maana si mpya, alinionya: "Dada, huku kwenye mipangilio usiguse, utaiharibu." Nikaigusa siku ile ile. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, nikazikuza. Kishale kilikuwa kinaruka kama panzi, nikakipunguza mwendo. Mwanga nikaushusha ili betri ivumilie stima ikipotea. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, lakini kinanitosha. Nabonyeza, natazama kimebadilika nini, na kikiwa kibaya narudisha.

Basi nikaingia panapopangwa mambo ya umeme, nikasoma taratibu, mstari kwa mstari. Pakawa pameandikwa kwamba kifuniko kikifungwa mashine ilale. Hapo ndipo video yetu ilipokuwa ikifia. Nikachagua kwamba kifuniko kikifungwa, isifanye lolote. Sauti nayo nikaizima kabisa, asije mtu akasema inashindana na msikiti. Nikamwita mdogo wangu.

"Abee, dada."

"Anzisha tena."

Nikamgeukia shangazi. "Sasa funga upendavyo. Haikatiki."

"Haya, mjuzi," akasema, akasonya.

Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa dukani nanunua unga. Kurudi, nikamkuta mdogo wangu chini sakafuni, anaipepea laptopu kwa kipande cha katoni huku machozi yanamtiririka. Alikuwa ameingia chumbani kusali. Shangazi akaja, akafunga kifuniko, kisha juu yake akatandika kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kikaning'inia mpaka ubavuni kunakotokea joto. Mashine ndani inafanya kazi, pumzi haina pa kupita. Ikajizima. Video ilikuwa imeshapita robo tatu.

Nikakichukua kile kitambaa. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi. Kilikuwa na maua mekundu pembeni, na ua moja la manjano. Ua hilo lilikuwa la manjano kwa sababu nyuzi nyekundu zilimwishia mama, akanituma dukani, nikakuta hakuna.

"Shangazi, hiki umekitoa wapi?"

"Si amana yenu hiyo? Nimewarudishia. Nawasitiria kitu chenu na vumbi, na bado nakatwa jicho."

"Amana gani hii, miaka yote hii tunalala na uji?"

"Mwana mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Idi ngapi zimepita, shangazi, na hukutuletea hata hiki kitambaa?"

Nikatoa jikoni wavu wa chuma ninaochujia mahamri, nikauweka mezani, laptopu juu yake, ili hewa ipite chini. Ilipopoa tukaiwasha, tukaanza mwanzo kabisa. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Unga haukukandwa, mbaazi hazikurowekwa. Wateja wa asubuhi wangenisamehe au wasingenisamehe.

Magharibi ikaadhiniwa. Shangazi akatoka, kanga kichwani, mkono tayari umenyooka kuelekea kwenye kifuniko.

"Usiguse."

"Adhana inalia, we mtoto!"

"Naisikia. Na hii iko kimya kuliko mimi na wewe. Rudisha mkono wako."

Akabaki amesimama. Nikaishika laptopu kifuniko kwa mkono wangu wa kushoto, wazi, na huku midomo yangu inamwitikia mwadhini neno kwa neno mpaka akamaliza. Shangazi naye alikuwa akiitikia. Tulikuwa tukisema maneno mamoja, na wallahi nilikuwa sijapata kumkasirikia mtu kiasi hicho.

Mstari wa buluu ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Kabla ya isha ukafika mwisho, ikatokea alama ya kijani: imepokelewa. Mdogo wangu akanirukia shingoni, akanilowesha bega. Mtihani atafanya.

"Alhamdulillahi," akasema shangazi nyuma yetu, kwa sauti ya mtu aliyeshiriki kazi.

Nikakikunja kitambaa cha mama, nikakitia sandukuni kwangu, nikafunga kwa kufuli.

"Alhamdulillahi, shangazi," nikamwambia. "Sasa, vikombe viko wapi?"