Sahani ya Pembeni

Ndugu yangu alipoanza kuanguka, tulimtengea sahani yake na kikombe chake. Hapa kwetu Buyenzi wengi hufanya hivyo: kifafa, wanasema, kinapita kwenye mate. Sijui kama tuliamini kweli au tuliogopa maneno ya majirani. Alikula karibu na mlango, sisi tumezunguka sinia, wala hakulalamika. Ila siku alipoangukia jiko la makaa akaungua mkono, nikasema twende hospitali, apigwe skana, picha ya ndani ya kichwa.

Niliingia naye pamoja na mama. Daktari alituonyesha kichwa cha ndugu yangu kwenye kioo cha ordinateri, kompyuta yake, kimekatwa kama kitunguu, na ndani yake vidoa vidogo vyeupe. Mi sikusoma sana, huenda naeleza vibaya, lakini alisema ni vifuko vya tegu, mnyoo wa nguruwe, na ndivyo vinavyomwangusha. Mama alimjibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia.

"Dokta, mumechanganya picha. Hii ni ya mutu mwingine. Sisi Waislamu, nguruwe hatukulaka."

Daktari hakucheka. Alisema anayekula nguruwe asiyeiva hupata mnyoo tumboni, na anaweza asiumwe kitu. Mayai yake hutoka chooni, yakabaki kwenye vidole, yakaingia kwenye chakula kibichi. Atakayeyameza, hata kama hajawahi kuonja nguruwe, ndiye yanayoweza kumpanda kichwani.

"Inaweza kuwa mutu wa nje," akasema. "Mara nyingine ni wa nyumbani. Muje wote, tupime choo."

Njia nzima niliwaza ile sahani. Tulimtenga asituambukize, kumbe labda mmoja wetu ndiye aliyempa, zamani, alipokuwa bado anakula nasi kwenye sinia.

Tulipofika tu, mama alimtoa wifi yangu jikoni. Wifi ametoka milimani, kwao Wakristo wanafuga nguruwe, alisilimu alipoolewa na ndugu yangu. Ile sahani ya pembeni sasa akapewa yeye. Ndugu yangu alisema mkewe akiendelea kulishwa mlangoni, watahama wote wawili. Nilimwogopea: akihama, nani atamshika akianguka, zaidi ya huyo mwanamke mmoja?

Wifi hakubishana. Alikuwa wa kwanza kupeleka kikopo cha choo, nasi tukafuata. Hakuonekana na kitu, wala mi, wala ndugu yangu. Daktari alikiri kwamba kipimo huweza kukosea, tutarudia. Mama peke yake hajapeleka.

"Mi mutu wa kuswali," aliniambia. "We mutoto wangu unataka nipimwe nguruwe?"

Sitaki kumwonea. Kukataa si kuwa na mnyoo, huenda ni aibu tu, na mayai yangeweza kutoka kwa muuza mboga yeyote. Lakini mama naye alizaliwa milimani. Naye alisilimu alipoolewa, zamani mpaka tumesahau, na kila kukiwa na msiba kwao hupanda huko, akala wanachompakulia. Labda anauliza ni nyama gani. Sijawahi kwenda naye.

Ndugu yangu ameshafunga godoro kwa kamba. Kikopo cha mama kiko dirishani, kikavu. Wifi amekaa mlangoni na sahani yake, na jikoni mama anakata nyanya za kachumbari mkononi. Sasa hivi ametuita tule.