Nilipima Korongo kwa Rula Juu ya Kioo

Nyumba ya mdogo wangu niliibomoa mimi. Korongo lilikuja kumalizia tu. Jina langu silitaji kwa sababu bado nafanya kazi hapa mjini, na watu wakinijua watanicheka, tena kwa haki.

Mie mtu wa Manzese, nimekulia kwenye kuuza na kununua. Chenji naihesabu mara mbili hata akinirudishia mama yangu mzazi. Miaka ile ya tisini, kompyuta zilipoanza kuingia kwenye ofisi za watu binafsi, nikapata kazi katika ofisi moja ya upimaji ardhi Kinondoni. Kulikuwa na programu ya ramani isiyo na vipicha vya kubonyeza: kioo cheusi, unaandika amri kwa herufi, ramani inajichora. Bosi aliikwepa kama mbwa wa jirani. Mie nikaimudu, basi nikaanza kuringa.

Mdogo wangu na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, wakapata kiwanja Goba, mteremkoni, jirani na korongo. Bei nilipatana mimi. Muuzaji alishuka upesi mno, na badala ya kujiuliza kwa nini, nikajisifu.

Shemeji peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Shemeji, hilo korongo halili ardhi kweli? Tungengoja masika yapite, tulitazame."

"We ngoja masika, mwalimu, wenzio wanajenga," nikamwambia. "Njooni ofisini muone mambo ya kisasa."

Wakaja wote wawili. Nikakigawa kioo nusu kwa nusu. Kushoto nikachora ramani ya zamani, kulia ramani mpya. Kabla ya kila moja niliiamuru mashine ichukue mipaka ya ramani hiyo peke yake, yaani mwanzo na mwisho wa eneo lake, ili ijae vizuri. Zikajaa, zikapendeza. Nikatoa rula ya shule, nikaibandika kwenye kioo. Kushoto, kutoka kiwanja hadi korongo, inchi mbili. Kulia, inchi mbili. Nikapima tena, maana ndivyo nilivyo.

"Halijasogea hata kidogo," nikasema. "Au nikuitie mwalimu mwenzio akusaidie hesabu?"

Mdogo wangu akacheka. "Ukibishana na dada utachoka bure," akamwambia mumewe.

Wakajenga. Akiba yao yote ikaingia kwenye yale matofali.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Ramani ya zamani ilionyesha Goba nzima. Ile mpya ilionyesha viwanja vichache tu. Mashine iliibana moja na kuitanua nyingine ili kila moja ijaze nusu yake. Inchi mbili za kushoto zilikuwa mwendo wa kukutoa jasho. Inchi mbili za kulia, uwanja wa kuanikia nguo. Korongo lilikuwa limeshafika, nami nikalipima mara mbili kwa rula ya mtoto.

Ilitakiwa amri moja tu, ya kuzipa ramani zote mbili mipaka ileile. Niliijua. Niliiruka kwa sababu ile ya zamani ingebaki kipande chenye ukungu, na mie nilitaka kujionyesha.

Masika ya pili jiko likaenda na maji. Wiki hiyohiyo ukuta wa chumba cha kulala ukapasuka, mjumbe wa mtaa akawaambia watoke.

Shemeji akaja ofisini. Hakufoka. Aliniomba nizirudishe zile ramani. Safari hii nikaandika ile amri. Kushoto, korongo halikuonekana kabisa. Kulia, lilikuwa limekaa ubavuni mwa kiwanja.

Akatazama kidogo. "Hii amri ulikuwa unaijua, shemeji?"

"Nilikuwa naijua."

Akaaga kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kumtaka radhi mdogo wangu kwenye chumba walichopanga Temeke. Nikaanza kueleza, mara mipaka, mara vipimo. Akanikatiza.

"Dada, usinieleze mashine. Siku ile ulikuwa unatucheka."

Ni kweli.

Kwa hiyo we unayejua kakitu wenzio wasichokijua, ndugu yako akikuuliza swali likakukera, mjibu kwanza, mengine baadaye. Na we unayewekewa ramani mbili bega kwa bega, mwambie huyo bingwa azichore kwa mipaka ileile ukiwa umesimama hapohapo. Akinuna, ondoka na pesa zako. Mdogo wangu hakuondoka kwa sababu bingwa alikuwa dada yake. Siku hizi nikipiga hodi, anamtuma mumewe afungue.